Faili Lililokataa Kupita

Saa mbili asubuhi, baridi ya Sumbawanga bado imekaza, na Bertilla Sikazwe anavuta koti huku akitazama kompyuta ikituma barua pepe. Mstari unasogea, unasimama. Kisha jibu lilelile: faili ni zito mno.

Anaguna. Anaanza kupunguza uzito wa picha.

"Watu wanaivuta picha kona, ikiwa ndogo wanadhani imepungua," anasema. "Macho ndiyo yanayodanganyika. Picha nzima bado imo humo ndani. Mpaka ukate usichokihitaji, halafu ushushe ukali wake."

Bertilla alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Lilipobinafsishwa, alipunguzwa kazini akiwa na watoto wawili. Leo, mwaka 2004, ameajiriwa katika duka la intaneti karibu na stendi. Wateja wengi huleta ripoti zilizojaa picha, na laini ya simu inayoleta intaneti haina nguvu ya kuzibeba.

Mwaka jana alikuja Felisian, mkulima wa ulezi kutoka upande wa Namanyere. Binti yake, Salome, alikuwa na uvimbe kwenye taya. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameandika maelezo na kubandika picha tisa, yatumwe kwa madaktari wa Dar es Salaam waliokuwa wakichagua wagonjwa wa kupasuliwa. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kupokea maombi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ifike leo."

Bertilla aliingiza karatasi zote kwenye kompyuta kwa skana. Faili lilikataa. Bertilla akashusha ukali wa picha mara moja, likakataa tena. Akashusha mpaka uso wa Salome ukawa madoadoa. Likapita. Felisian alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jibu lilikuja baada ya wiki: picha hazionyeshi uvimbe unaishia wapi, mgonjwa asubiri awamu ijayo. Awamu hiyo ilikuwa baada ya mavuno. Salome hakuyaona mavuno.

Felisian alirudi dukani, safari hii akiomba picha moja ichapwe kubwa, ya kuweka msibani. Bertilla alifungua faili la awali. Kila kitu kilionekana, hata kovu dogo juu ya nyusi.

"Nililia mbele yake," anasema. "Akaniambia, 'Si wewe, mwanangu. Njia ilikuwa nyembamba.' Lakini mimi ndiye niliyebonyeza."

Tangu hapo, hashushi ukali wa picha za wagonjwa. Anaigawa ripoti vipande vipande, kila picha na barua yake, hata kama kazi itakula siku nzima na mwenye duka atanung'unika.

Sasa ameomba ruhusa aende Namanyere kuwafundisha wauguzi kupiga picha chache za karibu, zinazoonyesha ugonjwa wenyewe. Mwenye duka hajamjibu.

"Akikataa, nitakwenda Jumapili baada ya misa," anasema Bertilla. "Sitaki tena kuwa mimi, nikiwa na haraka, ninayeamua daktari aone nini."