Siku Tuliyocheza Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini sikucheza. Nilikalishwa chini, mgongo ukutani, nikaambiwa nifumbe macho.

Aliyeniambia ni Mwalimu wa Ngoma, Mkwere mmoja mrefu kutoka pande za Lugoba, ambaye siku zote alizungumza kama mtu aliyeamka sasa hivi. "Sikiliza mpaka mguu ukuombe ruhusa," alisema. "Usiupe." Nikafumba macho asubuhi nzima. Ghala lile la zamani tulilopewa pale Bagamoyo bado lilinukia mbata za wafanyabiashara waliolihama. Wenzangu walipita mbele yangu nami nikawajua kwa upepo wa nguo zao na kwa mlio wa njuga, vile vikengele vinavyofungwa miguuni. Mwalimu alipokuja kunigusa bega nilikuwa nimeshalala. Nilidhani atanigombeza. Alisema tu, "Vizuri, sasa imekuingia," akanipeleka kula.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza kazi hii leo kwa spika na vioo vya ukutani. Mkihisi ninatia chumvi mnistahi, kwa sababu nikiikumbuka miaka ile mwenyewe huwa sina hakika kama niliiishi au niliiota.

Kundi letu liliundwa na serikali miaka michache baada ya Uhuru, ili ngoma za makabila zipande jukwaani. Tulikuwa waajiriwa kamili, wenye sare na mshahara, jambo lililowachekesha sana watu wa mji. Baba yangu, mwuza mbata, yeye hakucheka. Aliuliza kama nchi imekosa kazi hata binti yake alipwe kwa kutikisa kiuno, kisha akaninunia msimu mzima. Mama ndiye aliyekuwa akiifua ile sare na kuianika uani, mahali ambapo baba hapiti.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo yake. Ngoma haipigwi hivi hivi, hukanzwa kwanza. Huwekwa karibu na moto wa makuti hadi ngozi ijikaze, maana hewa ya pwani huilegeza. Lakini jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kukata duara. Kijijini watu hucheza kwa duara, na anayetazama sasa ndiye atakayeingia baada ya kitambo, kwa hiyo hakuna mbele wala nyuma. Jukwaani watazamaji wako upande mmoja. Mwalimu ilimbidi alifungue duara liwe nusu mwezi, tusije tukawapa wageni migongo. Wengi hawakuipenda nusu mwezi ile. Tulipocheza Lugoba, kwao Mwalimu, bibi mmoja alimwita pembeni akamwambia, "Ngoma ni yetu, mwanangu, ila mmeicheza kama mmeegemea ukuta." Mwalimu alicheka kwa heshima, lakini njia nzima ya kurudi, garini, aligeuzia uso dirishani.

Tulizunguka sana. Saadani tulicheza mchangani, kando ya vichanja vya samaki, moshi ukitupitia miguuni hata nikawa sioni ninapokanyaga. Nilijiona naelea. Pangani mvua ilitunyeshea katikati ya onyesho na hakuna mtazamaji aliyeondoka, wala sisi hatukuacha, na mpaka leo nikisikia mvua juu ya bati mabega yangu husogea yenyewe. Nilikuwa na furaha siku zile. Nasema hivyo wazi kwa sababu wapo waliodhani tulikuwa watu wa kuhurumiwa.

Kisha tukaletewa Meneja. Alikuwa kijana msomi, mpole, aliyerudi kutoka ng'ambo, na huko aliiona baleti, ile ngoma ya Wazungu ambayo wanawake husimama juu ya ncha za vidole na watazamaji hukaa kimya kama wako msibani. Ilimlevya. Akatutaka na sisi tujaribu kusimama vile. Tukajaribu, kwa adabu, pale uwanjani nyuma ya ghala, vidole vikazama mchangani na mmoja mmoja tukaanza kuanguka huku tumeshikana mikono. Meneja mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Hakurudia tena, lakini ile hamu ya ukumbi kukaa kimya haikumtoka.

Mambo yalianza kutuharibikia mwishoni mwa miaka ya sabini. Mafuta yalikuwa shida, gari letu likalala. Wengine waliandika magazetini kwamba nchi inahitaji visima, si wacheza ngoma. Wengine, barazani, walisema tunawavua nguo mabinti wa watu. Na wasomi nao walisema ngoma zetu si za kweli tena. Tulikuwa tunapigwa kutoka kila upande na hatukujua tumgeukie nani.

Ndipo akaja Bwana Utamaduni, afisa kutoka Dar es Salaam ambaye neno lake ndilo lingeamua kama kundi libaki au livunjwe. Alitazama mazoezi yetu kwa uvumilivu, akasema yote hayo amekwisha kuyaona. "Nasikia hapa mna msondo," alisema. "Ngoma ya mwali. Hiyo haijapanda jukwaa lolote. Nikiwaonyesha wakubwa kitu kama hicho, nitakuwa na la kuwatetea." Angerudi baada ya mwezi kuiona.

Msondo wa kwetu huchezwa ndani, mwali anapofundwa, anapofunzwa mambo ya utu uzima. Mwanamume hauoni. Na katika kundi zima aliyewahi kuchezwa msondo, yaani kufundwa, pale mjini nilikuwa mimi peke yangu.

Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango kwa upole. "Ndugu Zuhura, sikulazimishi," alisema. "Lakini unajua wenzako hawana pa kwenda." Nilijua. Mpiga ngoma wetu mkuu alikuwa na watoto wadogo, na wawili kati ya wasichana walikuwa wamekataliwa makwao kwa sababu ya kazi hii hii.

Nilikwenda kwa somo yangu, Bi Mwanaisha, mwanamke aliyenifunda. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika?"

Nikamweleza. Hakuacha kuchambua.

"Huyo anayeutaka msondo ni mwanamume?"

"Ni mwanamume."

"Basi umeshajibiwa."

"Asipouona, somo, kundi litafungwa."

Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya ungo. Halafu akauliza, "Na wewe unataka nini?"

"Nataka kucheza. Sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua."

"Kucheza sijakukataza. Nilikufundisha ili ucheze. Mimi nimekukataza kuonyesha." Akauweka ungo chini. "Hilo ghala lenu lina pazia?"

Lilikuwa nalo, la kitambaa kizito cha marekani, lililoshonwa vipande vipande. Nilipomweleza Meneja alichokisema somo, alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. "Bwana Utamaduni atoke Dar es Salaam aje kutazama kitambaa?" Mwalimu wa Ngoma alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa ile sauti yake ya usingizi, "Ofisini unaamuru wewe, Ndugu Meneja. Jukwaani naamuru mimi. Pazia litafungwa."

Siku yenyewe onyesho lilianza baada ya sala ya alasiri. Ghala lilijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma na pembeni, hata waliotoka Zinga walikuwapo. Bwana Utamaduni aliketi katikati pamoja na mkewe, mwanamke wa Pangani aliyevaa vizuri na kushika mkoba mweupe. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Bi Mwanaisha aliingia kwa mlango wa nyuma na makungwi wenzake, wamebeba ngoma yao wenyewe. Akawatazama wapigaji wetu wa kiume, na wasichana wenzangu ambao hawakuchezwa msondo. Walielewa. Wakatoka mmoja mmoja kupitia pembe ya pazia, Mwalimu akiwa wa mwisho, wakaenda kuketi na watazamaji, mikono imewalala mapajani.

Bi Mwanaisha akapaza sauti kidogo tu. "Waliochezwa, karibuni ndani."

Mwanzoni hakuna aliyetikisika. Kisha tukasikia kanga zikipapasa, na mama mmoja mwuza vitumbua akaingia, akavua ndala zake. Akafuata mwingine. Wakaja kwa wingi, wazee na wenye watoto mgongoni. Na nilipochungulia nilimwona mke wa Bwana Utamaduni amesimama. Alimpakatisha mumewe ule mkoba mweupe, akaja.

Tulicheza. Yaliyotendeka mle ndani siwaambii, mkasirike msikasirike. Nitasema tu kwamba hapakuwa na nusu mwezi. Duara lilikuwa zima, na kila mtu alikuwa na uso wa mwenzake mbele yake. Mwanga wa alasiri ulipenya kwenye matundu ya bati ukatua mabegani mwetu, na vumbi likapanda, na kwa muda sikujua wapi ninaishia na wapi anaanzia yule aliye kando yangu. Nililia huku nacheza. Upande wa pili wa kitambaa palikuwa kimya. Wanaume wote wale, na hakuna aliyekohoa. Meneja aliupata ukimya alioutamani.

Tulipotoka, mke wa Bwana Utamaduni alikuwa na mchanga miguuni na kilemba kimemlegea. Aliuchukua mkoba wake. Mumewe alinifuata nje.

"Ndugu Zuhura, mmecheza nini mle?"

"Mkeo alikuwemo, mheshimiwa."

"Nimemwuliza. Ananitazama tu." Alikuna shingo. Nilimwona mtu mwema, aliyekwama. "Sasa nitawaambia nini wakubwa?"

Nadhani hakupata la kuwaambia, kwa sababu haikupita muda mrefu tukaambiwa kundi limevunjwa. Halikuwa na jipya la kuonyesha, walisema.

Wapo walioninyooshea kidole. Mpiga ngoma wetu mkuu aliniambia usoni, "Umetuponza, Zuhura," akaondoka na watoto wake kutafuta vibarua, na mimi sikumlaumu wala simlaumu leo. Mwalimu alirudi Lugoba kulima. Ghala likafungwa kufuli. Nilipita pale kwa wiki kadhaa kila asubuhi kama niendaye kazini, nikisimama mlangoni, mpaka mama akaniomba niache.

Baadaye nilipata kazi Zinga, shule ya watoto wadogo, kuwafundisha nyimbo na michezo, na huko ndiko nilikostaafia. Ilikuwa kazi nzuri, nami niliipenda. Lakini haikuwa ile. Magoti yamechoka sasa, na wachezaji wenzangu wa jukwaani wengi wametangulia mbele ya haki.

Vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza swali moja tu, wakilizunguka kwa adabu: kama ningejua mapema kwamba tutafungiwa, ningefanyaje? Nimelifikiria kwa miaka mingi, na sijapata jibu jingine. Ningelifunga pazia lile lile, na ningelia vile vile.