Nyumba Yenye Mlango Kila Chumba

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea hapa Mpanda, nikisubiri geti langu. Akaingia bwana mmoja na mama yake mzee, wametoka Katumba. Bwana anajenga nyumba mpya, akaagiza nondo za madirisha yote na mlango mmoja wa chuma.

"Mlango mmoja?" mama akauliza.

Mwanawe akacheka, akatugeukia. Akatuambia nyumba yao ya zamani, aliyoijenga mama, kila chumba kina mlango wa kutokea nje, hata stoo. "Wageni hawajui wapige hodi wapi. Haina ramani kabisa."

"Mama, siku hizi wezi wengi," fundi akasema.

Mama akasogelea dirisha lililoegemezwa ukutani, akapitisha mkono kati ya nondo. Ukapita. Akajaribu bega. Likagoma.

"Mwizi anataka redio," akasema taratibu. "Wale waliokuja usiku kwetu, kule Burundi, hawakutaka redio. Dada yangu alikuwa amelala chumba cha ndani, kisicho na mlango wa nje."

Mwanawe akaacha kucheka. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa.

Fundi, mtu mwema, akasema anaweza kuweka dirisha moja la kufunguka, lenye kufuli kwa ndani.

"Na ufunguo, baba, nitautafuta gizani?"

Nyumba yangu mimi ina ramani, tena ina mhuri, na mlango ni mmoja. Ile ya Katumba nayo ina ramani. Ilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakutoka.