Kijiko cha Eliezeri

Shangazi yangu Tabitha alikuwa mtu wa kuchukia samaki. Sisemi hakupenda, alichukia. Wazee wa kwetu Machame wengi ndivyo walivyolelewa: samaki ni jamii ya nyoka, na chungu kilichopikiwa samaki hakirudi tena jikoni. Mimi nilizoea kula dagaa bwenini, chuo cha ualimu, lakini nikifika kwa shangazi habari hizo nilizimeza. Kwa hiyo ukitaka kujua mumewe Eliezeri alikuwa mtu wa namna gani, jua kwamba mwaka 1963 alipanda mlima kutoka tambarare na chupa ya jemu mkononi, na ndani ya chupa kulikuwa na samaki mwenye umbo la nyoka, mwembamba kama kamba ya kiatu.

Eliezeri alikuwa mfungua milango ya mifereji katika shamba la miwa kule chini. Alimkuta yule samaki amenasa kwenye chujio la waya. Wenzake walitaka kumponda kwa jembe, yeye akakataa. Hakuwa na sababu yoyote ya maana, alisema tu kwamba kiumbe kilichosafiri mpaka pale kisiuawe kwenye chujio.

"Mdudu gani huyu?" shangazi alimuuliza mlangoni, mikono kiunoni.

"Mgeni wako," akajibu mumewe.

"Basi mgeni wako atalala na ng'ombe."

Jina likabaki hilo, na malazi yakawa hayohayo. Eliezeri alinunua vioo vya kabati la duka moja lililofungwa mjini Moshi, akaviunga kwenye fremu ya chuma, akapata tangi refu kama jeneza la mtoto. Nalitaja jeneza kwa sababu shangazi mwenyewe ndivyo alivyoliita, na yeye alikuwa amezika watoto wawili wachanga na hakujaliwa mwingine. Tangi likawekwa kwenye banda, ng'ombe upande huu, Mgeni upande ule. Maji yalitoka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaopita kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo. Maji ya bomba Eliezeri hakuyataka kabisa. Ndani aliweka changarawe na kipande cha bomba la saruji, maana Mgeni alishinda humo mchana kutwa, kichwa tu kikichungulia. Juu aliweka wavu wa chuma, na juu ya wavu jiwe la kusagia.

Lile jiwe lilikuja baada ya kosa. Mvua kubwa ya kwanza Mgeni alisukuma wavu akatoka, asubuhi shangazi akamkuta kwenye majani mabichi ya ng'ombe, mzima, anapumua. Kelele aliyopiga ilimleta balozi wa nyumba kumi, mzee Melkior, na panga. Balozi akataka kujua kama kufuga nyoka kumeruhusiwa. Eliezeri alimkalisha, akampa mbege, akamweleza kwa upole kwamba huyu ni samaki, ana mapezi, tazama hapa. Melkior alitazama, akanywa, akasema ataandika kuwa ni samaki ila yeye mwenyewe haamini.

Kulisha kulikuwa jioni, mara mbili kwa juma, si zaidi. Minyoo kutoka kwenye shimo la mbolea, au maini yaliyokatwa membamba kama kidole cha mtoto. Eliezeri alikuwa na kijiko chake cha bati, chenye mpini uliopinda, alichokuwa akilia chakula kule shambani. Aligonga kioo kwa kijiko hicho mara tatu, polepole. Mgeni alitoka kwenye bomba, akapanda juu taratibu, akachukua mnyoo kwenye vidole vya Eliezeri bila kumng'ata. Kipande kikiwa kikubwa alikibana mdomoni akajizungusha mwili mzima mpaka kikakatika, na maji yakamrukia kila aliyekuwa karibu. Nililiona jambo hilo mara nyingi na sikuzoea. Shangazi alitazama kwa mlangoni, khanga puani.

"Unampa kidogo hivyo, watu watasema humu ndani kuna njaa," alimwambia.

"Huyu si ng'ombe, Tabitha. Akishiba sana maji yanaoza. Mpe kidogo."

Mwaka 1974 Eliezeri alitumwa kusini, kwenye shamba jingine la miwa, kufundisha watu kazi ya milango kwa miezi sita. Kijiko chake alikwenda nacho. Shangazi aliachiwa Mgeni, na alimtupia minyoo kupitia kwenye wavu huku ametazama pembeni. Mgeni hakutoka mbele yake hata siku moja. Alikula watu wakishaondoka.

Mwezi wa nne wa kazi hiyo homa ikamuua Eliezeri hukohuko.

Shangazi alikwenda kwa basi, peke yake. Wenye shamba walikuwa wamekwisha mchagulia kaburi, pamoja na wafanyakazi wengine waliofia pale, na walimweleza kwa adabu kwamba usafiri haupo. Alikaa kwenye baraza la ofisi yao siku nne. Hakutukana mtu, hakulia. Kila aliyepita alimwambia sentensi moja: "Mume wangu halali ugenini." Siku ya tano walimpa lori. Tukamzika Eliezeri kihambani, kati ya migomba ya baba yake, mahali ambapo kila mtu wa kwetu anajua atalala.

Sanduku lake la bati lilifuata baadaye. Ndani mlikuwa na mashati mawili, kitabu cha nyimbo, na kile kijiko. Nilikuwepo siku hiyo. Shangazi alikishika, akakigeuzageuza, kisha akatoka nacho mpaka bandani. Akagonga kioo mara tatu.

Mgeni alitoka kwenye bomba kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Alipanda juu, akaweka pua yake kwenye wavu, akangoja.

Shangazi aliketi chini kwenye samadi na gauni lake la msiba, akalia kwa sauti ambayo hata makaburini hakuitoa. Niliogopa. Nilikuwa mwalimu wa watoto sitini na sikujua la kumfanyia mtu mmoja.

Kuanzia hapo alikuwa na hofu moja maishani, nayo ni Mgeni kufa. Duniani hapakuwa na mwingine aliyekijua kile kijiko. Alijifunza kuushika mnyoo kwa vidole vyake mwenyewe, yeye ambaye hakuweza hata kutazama. Mwanzoni alimlisha kupita kiasi, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyomlisha mnyama wake ili jirani aone. Maji yakanuka, Mgeni akaanza kuhema juujuu, na shangazi akaisikia tena sauti ya mumewe: mpe kidogo. Akajifunza kuchota ndoo mbili za maji machafu kila asubuhi na kumimina mbili mpya za mfongo. Akajifunza kutotikisa bomba. Kulipokuwa na foleni ya sukari na unga katika duka la kijiji, alitoka kwenye foleni jioni ikifika, akapoteza nafasi yake, akaenda kugonga kioo. Watu walimcheka. Mimi pia nilicheka, na sasa najuta.

Masika ya mwaka 1978 Mgeni aliacha kula.

Shangazi aligonga, Mgeni akatoka, akautazama mnyoo, akaupita. Juma la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa sasa mnene kama mkono wangu. Rangi yake ya udongo iliondoka, tumbo likawa jeupe la kung'aa, na macho yakakua mpaka yakatisha. Usiku kucha alizunguka tangi na kugonga wavu kwa pua mpaka pua ikachubuka. Jiwe la kusagia lilitikisika.

"Anaumwa," shangazi aliniambia. "Digna, anakufa huyu."

Kwa ng'ombe aliyekataa majani, dawa inajulikana kila boma: magadi. Unamlambisha, tumbo linafunguka, anakula. Shangazi alichukua magadi kiganja kizima, akayasaga, akayamimina ndani ya tangi. Sikumzuia. Nilisoma sayansi mimi, nina cheti, na nilisimama pale nikaona ni jambo la busara.

Hazikupita dakika kumi. Mgeni alijipinda, ute mweupe ukamtoka mwili mzima, akapiga vioo kwa mkia, kisha akalala ubavu. Shangazi aliingiza mikono yote miwili, akambeba kifuani, akakimbia naye mpaka kwenye mfongo. Alipiga magoti ndani ya maji ya mlima, baridi yake inakata mifupa, akamshikilia pale maji yanapopita. Nilimwaga tangi lote na kulijaza upya. Jua lilipozama ndipo mashavu ya Mgeni yakaanza kufunguka na kufumba sawasawa.

Asubuhi nilikuta juu ya wavu, pembeni ya jiwe, jani moja bichi la isale. Kwetu jani hilo hupelekewa mtu uliyemkosea, kumwomba radhi, naye akilipokea ugomvi umekwisha. Shangazi Tabitha, mzee wa kanisa, alikuwa ameomba radhi kwa samaki.

Jumamosi nilimshusha mjini kwa mzee Yunusu, muuza samaki wakavu sokoni Moshi, mzaliwa wa Pangani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo umemleta na mama."

Shangazi alisimama mbali na meza yake, khanga puani, akaeleza yote kutoka huko. Yunusu alisikiliza bila kumkatiza.

"Huyo ni samaki mkunga, mama. Amekaa kwako miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Basi haumwi. Mkunga huzaliwa baharini, anapanda mto angali mdogo kama uzi. Anakaa huku juu mpaka anakuwa mtu mzima. Siku yake ikifika tumbo linakuwa jeupe, macho yanakua, chakula hataki tena. Anataka kurudi kwao. Ukimzuia atajigonga mpaka afe."

"Nitambadilishia maji."

"Mama, si maji."

"Ni wangu!" shangazi alisema, na soko likageuka kutazama. "Ameachwa kwangu. Mimi nitabaki na nini?"

Tulipanda gari la kurudi Machame. Siku tatu shangazi hakunisemesha. Siku ya nne nilimkuta akipalilia kaburi la Eliezeri. Aliendelea kupalilia, akaongea bila kuinua kichwa.

"Wale watu wa kusini waliniambia kwamba kaburi lao ni zuri. Waliniambia watalifagia. Nikawaambia mume wangu halali ugenini." Akang'oa jani moja. "Na mimi nimemwekea huyu jiwe juu."

Yunusu ndiye aliyetuelekeza. Kwenye mto unaoshuka kwao Pangani, huko katikati kuna mabwawa na mitambo ya umeme, alisema, mtu asimwachie Mgeni juu ya hapo. Alikuwa na dada yake, Mwantumu, aliyeishi kando ya mto chini ya maporomoko ya mwisho. Kuhusu safari, akatuambia mkunga hafi haraka nje ya maji, mradi ngozi isikauke. Shangazi akatandika magamba mabichi ya mgomba ndani ya gunia, akayalowesha, akamlaza Mgeni katikati na kufunga kama anavyofunga ndizi za sokoni. Tulipanda treni ya Tanga. Kila stesheni nilishuka na kopo kutafuta maji. Abiria mmoja aliuliza tumebeba nini kinachotikisika hivyo. Shangazi akamjibu, "Mgonjwa," na hakuulizwa tena.

Tulifika kwa Mwantumu kesho yake mchana, tukiwa tumechoka na tunanuka. Mvua ilikuwa inanyesha, mto umejaa, mwekundu. Shangazi hakutaka kukaa wala kula kwanza. Aliteremka ukingoni, akaingia majini mpaka magotini, akafungua gunia.

Mgeni aliteleza kutoka kwenye magamba ya mgomba, akazama, kisha akatokeza palepale karibu na miguu yake. Hakuondoka. Alikaa kwenye maji ya kina kifupi, kichwa kimemwelekea yeye, mwili ukipepea kidogo na mkondo. Alikuwa anangoja. Shangazi alitoa kijiko kwenye pindo la khanga yake, na lilikuwapo jiwe kubwa pale kando ya mkono wake.

"Mgongee, shangazi," nikasema, nalia. "Mara ya mwisho. Umuage."

"Nikigonga atarudi."

Alikishika kijiko kwa mikono miwili, akakibana kifuani, kisiguse kitu. Tulisimama hivyo na mvua ikitunyeshea, sijui kwa muda gani. Mgeni alingoja. Kisha aligeuza kichwa, mkondo ukamchukua, tukaona mgongo wake mara moja tu kati ya maji mekundu.

Jioni Mwantumu alitupikia uji, kwa kuwa nilimwambia mapema kwamba mgeni wake hali samaki. Alimletea shangazi bakuli na kijiko. Shangazi alimrudishia kijiko chake, akashukuru, akasema anacho. Akakisuuza kile cha bati kwa maji ya kunywa na kukifuta kwa khanga. Kisha akala uji wake wote.