Mgonjwa Aliyepona Kabla ya Wakati

Mama Pacha alifanya kosa moja tu katika kazi yake ya ugenini: alimtunza mgonjwa wake mpaka akapona.

Alipofika katika nyumba ile, Mzee Kipenga alikuwa hajiwezi kabisa. Alikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani, wa kuogeshwa, wa kulishwa kwa kijiko huku amenuna. Jina la Kipenga alilipata kwa kuwa maisha yake yote alikuwa refa wa mpira, na ugonjwa ulimnyang'anya kila kitu isipokuwa kile kipenga chake. Akitaka maji, anapuliza. Akitaka mto, anapuliza. Mlezi wa kwanza alivumilia kidogo akafungasha. Wa pili hata sanduku hakulifungua. Mama Pacha aliposikia mlio wa kwanza alishika kiuno akasema, "Mzee, mimi nimelea mapacha. Puliza mpaka uchoke."

Tangu siku hiyo wakaelewana.

Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa chumba cha Mzee, na mlango wa katikati haukufungika vizuri. Alikuwa na kitanda cha chuma na kabati ambalo nusu yake ilijaa viatu vya njumu. Sheria ndiyo iliyomweka pale: mlezi kutoka nje alale nyumba moja na mgonjwa asiyejiweza, na akimaliza muda wake salama anapewa ukaazi wa kudumu na ruhusa ya kuleta familia. Muda ulikuwa umebaki kiduchu. Huko kwao, mapacha walikuwa wameshaanza kugombania nani atakaa dirishani kwenye ndege, na baba yao amechoka kuamua.

Sasa, kwa mazoezi aliyokuwa akimpa kila asubuhi, Mzee alianza kusimama. Kisha akatembea na mkongojo. Kisha mkongojo akaugeuza fimbo ya kufukuzia paka, na majirani wakamwona ngazini anamfuata mmoja hadi juu ya paa. Majirani wakapiga makofi, Mama Pacha akatokwa jasho jembamba. Haukupita muda simu ikalia: mkaguzi wa uhamiaji angepita kuona kama mgonjwa bado anahitaji mtu wa kukaa naye. Akiona hamhitaji, kibali kimekwisha, na Mama Pacha anarudi kwao mikono mitupu.

Binti wa Mzee, aliyeishi mji mwingine na kuendesha nyumba ya baba yake kwa simu, alitoa amri. "Baba alale. Mvutieni blanketi mpaka kidevuni, na agune kidogo. Mtu wa umri wake kuguna nako ni kazi?"

Ilikuwa kazi. Mzee alikuwa ameumaliza ujana wake akiwapa kadi wachezaji wanaojiangusha. Duniani hapa hakuna kilichomtia kichefuchefu kama mtu mzima wa afya anayegaagaa kwenye nyasi ameshika goti.

"Mimi nijiangushe? Mimi?"

"Si kujiangusha, Mzee. Ni kulala tu."

"Kulala mchana na viungo vizima ni kulekule."

"Basi fanya kwa ajili ya wanangu."

Maneno yale yalimwingia. Wakajaribu. Guno lake la kwanza lilikuwa la mtu anayeita teksi, na la pili likamshtua yule paka. Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia, kwa sababu aliogopa kweli, na hakuwa na mwingine wa kumwonyesha.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mpole asiye na maneno mengi. Alivuta kiti kando ya kitanda.

"Unajisikiaje, Mzee?"

Mzee akaguna. Akaguna tena. Halafu uso ukamwiva, akalitupa blanketi chini.

"Siwezi. Huu ni udanganyifu. Mimi mzima, mwanangu. Natembea, nakula mwenyewe, napanda hadi paa."

Mama Pacha akashika ukuta.

"Kwa hiyo unaweza kukaa peke yako?" mkaguzi akauliza.

"Bila wasiwasi wowote. Subiri nikupikie chai."

Kumbe Mzee, tangu azaliwe, jikoni alikuwa anapita tu. Alipikiwa na mama yake, akapikiwa na mkewe, akapikiwa na walezi. Alitafuta vikombe ndani ya friji. Akatia chumvi kwenye kikombe cha mgeni, vijiko viwili vilivyojaa. Kisha akalichukua birika la umeme, la plastiki, akalibandika juu ya jiko la gesi na kuwasha moto kwa madaha ya refa anayeonyesha penalti. Mama Pacha alifungua mdomo. Mkaguzi akamwashiria anyamaze.

Birika likaanza kuinama. Moshi ukapanda. Mzee aliutazama, akapapasa kifuani na kupuliza kipenga kwa nguvu zake zote. Mlio ulipokwisha, Mama Pacha alikuwa ameshazima gesi, amefungua dirisha, na amemkalisha Mzee mikono yake iliyobabuliwa na birika ikiwa ndani ya beseni la maji baridi.

"Nimeona," mkaguzi akasema, akifunga mkoba wake. "Huyu haachwi peke yake hata na birika. Utamaliza muda wako hapa."

Mlango ulipofungwa, Mama Pacha alicheza ukumbini na ufagio, akawapigia simu watu wake, na wote wakapiga kelele kwa pamoja asisikike hata mmoja. Aliporudi jikoni alimkuta Mzee bado amekaa, analitazama lile birika lililopinda.

"Ukishapata huo ukaazi," Mzee akasema, "hulazimiki tena kulala hapa."

"Silazimiki, Mzee."

"Utapanga nyumba, ukae na mumeo na wanao."

"Ndiyo."

Mzee akakuna kidevu. "Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Basi nifundishe chai, mwanangu, nisije nikafa na kiu wewe ukiwa kwako."

Mama Pacha alikuwa na utani tayari mdomoni, akauacha. Aliteremsha sufuria, akaushika mkono wa Mzee na kumwonyesha kipimo cha maji. Alimfundisha polepole mno, na kila Mzee alipopatia, alimwambia bado.