Taa za Banda la Ng'ombe

Kwanza mjue kwamba baba yangu hana gari. Gereji anayo, kubwa, yenye mlango wa bati wa kukunja, lakini tangu nizaliwe sijaona hata baiskeli ikilala mle. Humo ndimo anamotengenezea fremu za makochi, na mama anazivisha: sponji, kitambaa, mito. Baba anagonga, mama anashona, na kochi lililoingia mifupa mitupu linatoka limenenepa.

Mtaani baba wanamwita Mashoto, maana nyundo, penseli, msumeno, vyote anashika kwa mkono wa kushoto, na gereji nzima ameipanga kwa ajili ya mkono huo. Misumeno inaning'inia upande unaomfaa yeye. Meza imesukumwa upande unaomfaa yeye, na kiti cha mama kiko nyuma ya baba, kimeelekea huko huko anakoelekea yeye. Hata dirisha letu moja alilitoboa mwenyewe ukutani, upande wa kulia, ili mkono wake usimtilie kivuli anapochora mstari. Mimi nikiingia kutafuta bisibisi nagonga kiwiko kila kona. Nilishamwambia, "Baba, humu mtu wa kawaida anaumia." Akanijibu, "Mtu wa kawaida ndiyo nani?" Haya.

Na mimi ni binti yao wa mwisho. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na sanduku langu na ulimi wangu, na vyote viwili vimekaribishwa vizuri. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, kwa hiyo asije mtu akaniambia natia chumvi.

Asubuhi moja tunakunywa chai, mama akaweka kikombe chini akasema, "Mwisho wa mwezi nahamisha cherehani yangu. Kuna chumba kinapangishwa pale karibu na duka la dawa. Nimeshaongea na mwenyewe."

Baba akacheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Baba naye akaacha.

"Gereji ina nini?"

"Giza," mama akasema. "Macho yangu yamechoka, Fundi. Ile mishono ya mwisho ya mkono siioni tena. Jana nimefumua mto mmoja mara tatu."

Ndivyo wanavyoitana wale: mama humwita Fundi, naye baba humwita Bibie. Wameanza ujanani na hawajaona sababu ya kubadilisha.

Mama alipotoka, baba akanifuata jikoni, kanyong'onyea mpaka nikamwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma.

"Mama yako anaondoka," akasema.

"Anavuka barabara, baba. Haendi ng'ambo."

"Nitaongea na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Baba yangu hawezi kugonga msumari bila kusema neno. Anasimulia kutwa: majirani, bei ya mbao, kochi la nani lilivunjwa na shemeji wa nani. Mama anashona, anasikiliza, na mara moja moja anacheka kicheko chake kile cha puani. Kile kicheko baba anakifanyia kazi kuliko makochi.

"Ongea na mbao," nikamwambia.

"Mbao hazicheki."

Nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Basi baba akapiga moyo konde: kama tatizo ni giza, giza litaondoka kabla ya mwisho wa mwezi, na mama hatakuwa na sababu. Alishaona kwenye karakana moja mjini taa za kofia pana ya bati, zile zilizoanzia kwenye mabanda ya mifugo na maghala, zinazomwaga mwanga wote chini mezani badala ya kuupoteza darini. Akasema anataka zile zile. Nami nikaburutwa kwenda dukani, eti kwa sababu najua kupatana bei. Ukweli ni kwamba baba ana mkono wa birika, na mtu wa namna hiyo akienda dukani peke yake hurudi mikono mitupu na hana shahidi wa kusema bei ilikuwa kubwa.

Muuza taa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, miwani kaipandisha kichwani. Akatuonyesha taa za kofia za kila aina: nyeusi, za kijani, zenye shingo iliyopinda za kufunga ukutani, zenye mnyororo za kuning'iniza. Baba akachukua moja, akaigonga kwa kidole. Ikalia kama kopo.

"Hili bati au karatasi?" akauliza.

"Bati jepesi, mzee. Ya urembo hiyo, watu wanaweka mikahawani."

"Na bei?"

Akaitaja. Baba akairudisha taa mezani polepole, kwa mikono miwili, asije akailipia kwa bahati mbaya.

Muuza taa akaangua kicheko. "Mzee wangu, hapa unalipia sura ya banda la ng'ombe. Za mabanda yenyewe ni bora na ni rahisi, ila hazipo dukani. Tafuta mtu aliyefunga ufugaji." Akatufundisha bila choyo: tuchague kofia nzito, pana, iliyo nyeupe kwa ndani, maana weupe ule ndio unaorudisha mwanga chini, kutu ya juu juu haina neno, ya kutoboa tuiache, waya za zamani na holda zake za kushikia balbu tutupe, tuweke mpya. "Na balbu," akasema, maana baba alishamsimulia habari za mama, "msichukue ya mwanga wa manjano. Mama akishona kitambaa cheupe atadhani ni cha rangi ya maziwa." Balbu tukanunua kwake. Tungekuwa watu gani kama tusingenunua?

Mwenye banda tulimpata kwa kuulizauliza. Alikuwa bibi mmoja aliyeuza ng'ombe wake wote baada ya magoti kugoma, na banda likabaki tupu, safi, refu. Juu ya kila kihori taa imening'inia, kijani kwa nje, nyeupe kwa ndani, na vumbi la miaka. Baba aliinua uso, akatembea chini yake mdomo wazi. Moja ilikuwa na kiota cha mbayuwayu. Akasema hiyo isiguswe. Akachagua nne, akazigonga moja moja, zikatoa sauti nzito ya kuridhisha.

Bibi akasema, "Pesa yako sina haja nayo sana. Kile kiti changu cha kulalia kimelegea miguu, nakaa kwa imani."

Baba akakitengeneza palepale uani, anaongea, bibi anacheka, na tukaondoka na taa nne bila mfuko wa baba kufunguka. Njia nzima meno nje. Nilimwambia, "Baba, funga mdomo, utameza wadudu."

Kazi ya kusugua akaniachia nani? Mimi. Siku mbili, majivu na nyuzi za chuma za kusugulia, kucha zangu zikaisha, jamani. Lakini yale mabati yalivyotakata hata mimi nilikaa chini nikayatazama.

Fundi umeme akaja na waya mpya na holda mpya. Mbili akaning'iniza juu ya meza ya baba. Ya tatu akaiweka mlangoni. Ya nne akaitia shingo ya kupinda, nayo ilikuwa ya mama, ya ukutani karibu na kiti chake.

"Hii niiweke upande gani, mzee?"

"Pale pale upande wa dirisha," baba akasema. "Ngoja nihakikishe." Akakaa kwenye kiti cha mama, akashika sindano yake, akajifanya anashona, fundi umeme kamshikia taa. "Hapo! Usisogeze hata kidogo. Namwona mpaka sisimizi hapa." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika ngazi. Nilimwona kwa macho haya alivyoshika ile sindano, na sikuona kitu. Kumbukeni hilo.

Jioni akamwita mama, akashusha mlango mpaka chini, gereji ikawa giza, kisha akabonyeza swichi. Ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Mwanga ulishuka mezani umetulia, mbao zikaonyesha mistari yake yote, vitambaa vya mama vikawa vipya kwenye rafu. Baba alisimama katikati kama bwana harusi.

Mama akatazama juu, akatazama ile ya kwake, akamshika baba mkono. "Nzuri, Fundi. Nzuri sana. Umehangaika."

"Sasa hakuna giza."

"Hakuna," mama akasema.

Baba akalala usingizi mnono. Asubuhi akaingia gerejini, akamkuta mama anakunja vitambaa anavitia kwenye mfuko.

Baba alichukua randa akaanza kupiga mbao, kimya. Baba yangu, kimya! Nilimsikia nikiwa uani, ile randa inakwenda na kurudi peke yake, na moyo ukaniuma kwelikweli. Nikamkasirikia mama. Nikasema moyoni, mtu kaletewa taa nne bado anaringa.

Saa za mchana mama akavaa mtandio. "Naenda kuchukua ufunguo wa chumba," akaniambia. "Umalizie mto huu, mteja anakuja. Umebaki mdomo tu wa kuufunga kwa mkono."

Nikakaa kwenye kiti chake nimekunja uso. Nikashika mto, nikatia sindano. Sikuona mshono. Nikainamisha kichwa, bado. Nikasogeza mto, kivuli kikausogelea. Kila ninapotaka kuchoma, mkono wangu mwenyewe unafunika mahali pa kuchoma. Nikajichoma kidole.

"Baba! Hii taa yako ina kivuli!"

"Taa haina kivuli," akasema bila kugeuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. "Kaa vizuri."

"Nimekaa vizuri! Njoo ukae wewe!"

Akaja, amevimba, akanitoa kwenye kiti, akakaa, akashika sindano. "Haya, kivuli kiko wapi? Peupe kabisa."

Na kweli palikuwa peupe. Nikamtazama. Nikatazama mkono. Lo!

"Baba," nikasema taratibu, "hebu shika kwa mkono wa mama."

"Mkono wa mama ndiyo upi?"

"Ule mwingine. Wa kulia."

Akahamisha sindano kwenda mkono wa kulia, kwa shida, vidole vimekakamaa. Akainama juu ya mto. Mkono wake ukaingia kati ya taa na kitambaa, na mshono ukapotea. Akasogeza mkono, mshono ukaonekana, akaurudisha, ukapotea. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akageuka akalitazama dirisha, dirisha lake alilolitoboa mwenyewe, upande ule ule.

"Mama yako anajua?"

"Si ndiye anayekaa hapo, baba?"

Akaweka sindano chini. "Alikuwa anageuza kiti," akasema. "Nakumbuka. Zamani, tulipoanza. Kila nikiingia nakuta kiti kimegeuzwa, amenipa mgongo. Nikadhani amenuna. Nikawa nakirudisha. Nikamwambia, Bibie, nigeukie basi, nione uso wako." Akafuta uso kwa kiganja, vumbi la mbao likambakia shavuni. "Akaacha kugeuza."

Nami niliyekuwa nimemkasirikia mama, sikujua niuweke wapi uso wangu.

Baba hakungoja fundi umeme. Akazima umeme ukutani, akapanda ngazi na bisibisi kuihamishia taa upande wa kushoto wa kiti. Mama aliporudi, ufunguo mkononi, alimkuta mumewe yuko juu, taa imefunguliwa, nati mdomoni, waya unaburuta, mimi nimeshika ngazi.

"Kulikoni?"

Baba akatema nati kiganjani. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama akaitazama taa ilikokuwa, akatazama inakokwenda, akaelewa. Hakujitia hamnazo.

"Ulilitoboa lile dirisha siku tatu," akasema. "Ukanishika mkono kuja kunionyesha. Ningesemaje?"

"Ungesema! Umekaa gizani na mimi nimekaa hapa napiga domo!"

"Nilijaribu kugeuka, ukasema nimekununia."

"Ulikuwa hukununa?"

"Mara nyingine nilinuna pia," mama akasema, na kile kicheko cha puani kikamtoka. Kisha akawa hacheki. "Ila nikikupa mgongo huongei, Fundi. Nilijaribu wiki nzima. Ulipiga msumari tu. Nikaona bora kivuli."

Baba alikaa pale juu ya ngazi, bisibisi mkononi, analia waziwazi, mtu mzima yule. Nikamwambia ashuke au afunge taa, mikono yangu inachoka. Akafunga.

Akashuka, akawasha umeme, akabonyeza swichi. Mama akavua mtandio, akakaa, akachukua ule mto niliouharibu, akafumua mshono wangu bila kunicheka, kwa hisani yake. Akatunga uzi mara ya kwanza ukapita. Akaanza kushona. Mkono ulikwenda, na mshono ulikuwa wazi mbele yake, wote, mmoja baada ya mwingine. Alishona mpaka mwisho wa mdomo wa mto, akakata uzi kwa meno, akaupitisha kidole. Baba amemsimamia, hapumui.

"Fundi."

"Naam."

"Sogea kidogo, unanizibia."

Akaruka kando. Mama akanyoosha mkono akanipa ufunguo. "Mrudishie mwenyewe, mwambie nimeghairi. Na ushukuru."

Nilipofika mlangoni baba alishaanza kumsimulia habari za yule bibi wa ng'ombe na kiti chake cha imani, na mama anauliza, "Ehe, ikawaje?" Niligeuka mara moja kuwatazama. Kiti kilikuwa pale pale kilipokaa siku zote, kimemwelekea baba.