Wimbo wa Sita wa Albamu ya Baba

Wiki iliyopita nikiwa dukani kwangu Isaka, kijana wa duka la jirani alifungulia spika, gitaa la umeme likanguruma mpaka bati likatetemeka. Wateja walikunja nyuso. Mimi nilikaa juu ya gunia la mchele, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Segese. Alirudi jioni mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, amechoka hata kuitikia shikamoo. Jumapili ndipo alipokuwa mtu mwingine. Alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, cha nchi ya kubuni ambako majitu yaliiba jua, na binti mmoja akalifuata chini ya mlima akalirudisha ndani ya sanduku. Baba alibadilisha sanduku likawa kibuyu, akisema kibuyu kinaimbika zaidi.

Kutokana na kitabu hicho alitunga nyimbo tisa za roki, ile nzito. Hakuna aliyekubali kupiga naye. Vijana wote walitaka bongo fleva. Basi akapiga na kuimba peke yake, akarekodi albamu nzima Kahama. Jirani yetu Mama Neema aliposikiliza wimbo wa kwanza, aliuliza kwa upole kama redio yetu imeharibika.

Sidii moja baba aliipeleka kwenye kituo cha redio Shinyanga mjini. Mtangazaji akamwambia, "Tutapiga mmoja, kipindi cha saa kumi. Uwe unasikiliza."

Saa kumi baba alikuwa kazini, hivyo kusikiliza nikapewa mimi, mtoto wa miaka tisa. Nilikaa na redio mapajani wiki baada ya wiki: matangazo ya mbegu, kwaya, salamu za watu wa Samuye kwa watu wa Samuye. Wenzangu walikuwa nje wakiruka kamba. Na kila jioni baba alisimama mlangoni, hata kofia hajavua.

"Mayu, wameupiga?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita.

"Bado, baba."

Nililichukia lile neno. Niliuchukia zaidi uso wake ulivyolipokea.

Siku moja nikachoka kabisa. Sikuigusa redio, nikaenda kuruka kamba. Jioni baba akatokea mlangoni, tochi mkononi, akafungua mdomo aseme kitu. Nikamuwahi.

"Wameupiga, baba."

Akaishusha tochi. "Upi?"

"Wa sita. Wa binti na kibuyu. Mtangazaji amesema ni mzuri sana."

Alinitazama, akavua kofia. "Huo ndio nilioutaka. Asante, mayu. Kuanzia kesho nenda kacheze."

Kisha akafungua tochi, akatoa betri, akazirudisha kwenye redio. Nikadhani anataka kusikiliza taarifa ya habari.

Baba alishafariki nilipokuja kuelewa. Nilikuwa mtu mzima, umeme umekatika, nahamisha betri za redio kwenye tochi, mikono ikasimama yenyewe. Siku ile baba alizichukua betri za redio alfajiri, alipotoka gizani kwenda kazini, na redio ikashinda bubu. Pale mlangoni alitaka kuniomba radhi.

Alijua, na alinishukuru. Baada ya kunishukuru hakuweza kuniuliza tena, ikabidi aendelee kusubiri peke yake. Mimi nilikuwa nje, naruka kamba.