Msichana Aliyeyapa Majengo Sura

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na watoto wanne, watatu wakimpa usingizi na mmoja akimnyima. Huyo mmoja alikuwa kitinda mimba wake, msichana aliyepata riziki kwa kuchora picha za majengo ambayo bado hayajajengwa.

"Anachora ramani?" watu humwuliza mama.

"Ramani anachora bosi wake. Yeye anachora jengo litakavyoonekana likiisha."

Mwulizaji huitikia kwa kichwa kwa heshima, na mama hujua kwamba hajaelewa kitu. Hamlaumu. Hata yeye ilimchukua muda.

Walifanya kazi chumba kimoja. Dirishani palikuwa na cherehani na rundo la sare za shule; ukutani, meza ya binti na kompyuta yake ya kukunja iliyovuma kama mzinga wa nyuki. Mama alishona jicho moja likiwa kwenye uzi, la pili kwenye mgongo wa mwanawe. Mabega yakishuka, alijua kazi imekataliwa. Na siku hizo yalikuwa yameshuka hasa.

Bosi wa binti, msanifu majengo ambaye ofisi nzima ilimwita Rula akiwa hayupo, hakuwahi kuchora kitu kilichopinda. Shule boksi, ofisi boksi, hoteli boksi lenye madirisha mengi zaidi. Kazi ya binti ilikuwa kuliremba boksi: anga la buluu, miti, magari yanayong'aa, watu wanaocheka bila sababu. Sasa kulikuwa na jengo la kupangisha la ghorofa nne, na tajiri mwenye jengo alikuwa ameshakataa picha mbili. Ya kwanza alisema inafanana na ghala. Ya pili akasema inafanana na ghala lililopandwa maua. Rula naye hakumung'unya maneno: Ijumaa ndiyo mwisho. Tajiri akikataa tena, picha atapewa mchoraji mwingine, na binti atafute pa kwenda.

"Kizuri chajiuza, mama," binti alisema. "Kibaya ndicho kinaniita mimi."

"Sasa si ndiyo riziki yako? Yangekuwa yote mazuri, ungekula wapi?"

Mama aliacha cherehani akaja kusimama nyuma ya kiti. "Na hawa watu wa pichani mbona wamevaa makoti mazito? Wana homa?"

"Hao watu wanakuja na programu, mama. Nawabandika tu."

"Haya. Na wakirudi kwao, nani atabaki ndani ya nyumba?"

Akajuta papo hapo. Mtoto ana mzigo, na wewe unamwongezea kuni kichwani! Lakini binti alikuwa amegeuza kiti, anamtazama kama aliyekumbushwa jambo.

Kesho yake jioni binti alishika simu yake akaenda kwenye kiwanja litakapojengwa jengo hilo. Mama alifuata, eti kumsindikiza. Ukweli ni kwamba hakuamini kiwanja chochote chenye mashimo. Wakakuta watu wanakatiza njia wakitoka kazini, watoto wanapiga mpira, mwanamke anahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda huu. Binti aliomba ruhusa, akawapiga picha mmoja mmoja. Mlinzi akataka apigwe upande wake mzuri, wakabishana ni upi. Kisha binti akamwonyesha mama matofali yaliyopangwa.

"Panda hapo na kapu lako, kama unapanda ngazi."

"Nianguke nikuachie msiba?"

Lakini alipanda, pindo la gauni mkononi, uso umekunjamana.

Waliporudi, binti alifuta anga la buluu akaweka jua linalozama. Maua yakapungua. Madirisha yakawaka, kila moja na pazia lake. Kwenye roshani zikaanikwa nguo. Na ile ngazi ya mbele, ambayo kwenye picha za mwanzo ilikuwa ufa mweusi tu, akaiwekea taa kila ghorofa. Watu wa kiwanjani wakapata kwao humo, na mama na kapu lake akawekwa kwenye ngazi.

Mama aliipenda mpaka ikamtia hofu. "Taa hizo zimo kwenye ramani?"

Binti akazidi kuing'arisha taa ya juu.

"Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu watahamia kwa ajili ya picha yako, halafu wapapase gizani wakikutaja wewe."

"Bila taa picha inakufa, mama."

"Basi akikuuliza mtu, usimdanganye."

Ijumaa binti alitoka mbio, akasahau chaja ya kompyuta mezani. Mama aliiona, akavaa viatu visivyofanana, akamfuata. Ofisini alionyeshwa benchi nje ya chumba cha mkutano. Mlango ulikuwa wazi kidogo, naye si mtu wa kuacha mlango wazi upotee bure.

"Nguo zimeanikwa!" ilikuwa sauti nzito ya tajiri. "Kwenye jengo langu?"

"Wapangaji hufua, mzee," binti akajibu.

Rula akakohoa. Tajiri akaguna. "Na huyu mama wa kwenye ngazi, mbona anapanda kama kabeba nchi nzima?"

Huku nje mama aliinua mkoba akaficha uso.

"Lakini taa hizi nimezipenda. Zimo kwenye bei tuliyopatana?"

Mama akasogea ukingoni mwa benchi.

"Hazimo, mzee," binti akasema. "Hata kwenye ramani hazimo. Nimeziweka mimi, maana bila taa ngazi itakuwa giza."

Amekwisha, mama aliwaza, mkono kichwani. Na nani alinituma kumfunza mtoto methali?

"Bwana msanifu," tajiri akaita taratibu, "zinaweza kuingia?"

"Zinaweza. Bei itapanda kidogo."

"Jengo langu lile jingine wapangaji hawakai, mimi nawalaumu wao. Kumbe ngazi yake ni kaburi. Zitie. Ila nguo zitoke."

"Zote, mzee?"

"Niachie ile shuka ya buluu."

Tajiri alipotoka alimwona mama, akasita, akamtazama vizuri. "Mama, pole na ngazi," akasema, akaenda zake akicheka.

Rula alitoka nyuma yake na binti, anafuta miwani. "Nilikuwa nataka kusema zimo," akamwambia binti. "Umeniwahi." Akaivaa miwani. "Jumatatu naanza ramani ya zahanati. Njoo kabla sijaimaliza, uniambie picha itataka nini. Nikishamaliza huwa sipendi iguswe."

Barabarani mama alimpa binti chaja yake, akamshika kiwiko. "Kwa hiyo kazi unayo?"

"Ninayo."

"Sema tena, magari yana kelele."

"Ninayo, mama!"

Wakavuka. Upande wa pili mama akasimama ghafla. "Hiyo zahanati, usisahau viti vya kusubiria. Na kivuli."

"Mama, hata ramani haijaanza!"

"Ndiyo maana nasema mapema."